Alamisho za PDF: uzitie ndani ya programu ya kupanga kurasa, au baada ya kutoa faili?

Ripoti ilikuwa na kurasa 214. Niliimaliza saa tano usiku, nikaituma, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa nusu. Kesho yake, matatu haijafika hata mjini, simu ikalia. Ni mteja: "Kazi safi, kaka, lakini bodi inaketi saa nne na mwenyekiti anatafuta bajeti. Iko wapi?" Nikamjibu ukurasa wa 167. Baada ya dakika mbili akapiga tena. Mwenyekiti ameandika 167 kwenye simu yake na ameangukia picha za visima.

Sababu ya visima nitaieleza mbele. Dawa yake ilikuwa alamisho: ile orodha ya vichwa inayokaa kando ya ukurasa ukifungua PDF, unabofya kichwa na unafikishwa. Usiichanganye na Yaliyomo. Yaliyomo ni ukurasa kama kurasa nyingine, na ukishaupita umeuacha nyuma. Alamisho hubaki pembeni popote ulipo.

Tangu siku ile nimeulizwa swali moja na wenzangu wanaopanga vitabu na ripoti hapa Nairobi, kuanzia vijana wa River Road hadi mabwana wa ofisi za Upper Hill: nitumie nini kuzitia? Njia ziko nyingi. Nimeshinda na tano kati yake, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu.

Tunapima kwa nini

Kigezo ninachokiweka mbele ya vyote ni uhai: ukibadilisha hati na kutoa PDF upya, alamisho zinabaki au zinakufa? Hili halina uzito kwa mtu anayetoa faili mara moja. Lakini nani hapa mjini hutoa faili mara moja? Fungua folda yangu yoyote utakuta ripoti_final, ripoti_final2, na ripoti_final2_HII_NDIYO.

Cha pili ni usahihi: alamisho inakupeleka kwenye kichwa chenyewe, au inakutupa juu ya ukurasa ukitafute mwenyewe? Cha tatu ni ngazi, yaani sura ifunguke ndani yake sehemu, na sehemu ifunguke vifungu. Cha nne ni jasho, na cha tano ni pesa.

Ili maneno yasielee, nitapima kwa Katiba ya Kenya ya 2010, kwa sababu muundo wake unajulikana: sura 18, vifungu 264, majedwali 6. Kila kimoja kikipewa alamisho yake, hizo ni 288, bila kuhesabu sehemu zilizo ndani ya sura. Mtu anayetafuta Kifungu cha 43, kile cha afya, makazi, chakula na maji safi, anapaswa kufungua Sura ya Nne, ashuke hadi 43, abofye. Sekunde tano, amefika.

InDesign: alamisho zinazozaliwa na Yaliyomo

InDesign ni programu ya Adobe ya kupanga kurasa. Hapa kila kitu hutegemea mitindo ya aya, yaani mwonekano uliopewa jina na kuvishwa aya zote za aina moja. Kichwa cha sura kina mtindo wake, cha sehemu wake, cha kifungu wake. Ukiiagiza programu itengeneze Yaliyomo, unaitajia mitindo hiyo na ngazi ya kila mmoja, na kwenye dirisha lilelile kuna kisanduku cha kuagiza alamisho za PDF zitengenezwe pamoja. Tia tiki, bofya, na paneli ya alamisho inajaa. Kwa njia hii vifungu 264 havina jasho kuliko vifungu vinne.

Kwa uhai, sijaona inayoishinda. Alamisho inashikamana na kichwa, si na namba ya ukurasa. Mteja akiongeza aya tatu na kichwa kikasukumwa ukurasa unaofuata, alamisho inakifuata. Akibadilisha maneno ya kichwa, unasasisha Yaliyomo na jina jipya linaingia. Hati iliyogawanywa mafaili mengi, kila sura na faili lake, hukusanywa kama kitabu kimoja, na Yaliyomo yake ikaokota vichwa vya mafaili yote. Usahihi mzuri, ngazi kadiri ya mitindo uliyoitaja.

Mitego iko miwili, na yote imeninasa. Wa kwanza: unaweza kuongeza alamisho zako kwa mkono kwenye paneli, tuseme moja ya ramani isiyo na kichwa, ukaiburuta mpaka mahali pake. Safi. Lakini siku utakayosasisha Yaliyomo, mpangilio wako unavurugika: zile zilizotokana na Yaliyomo husukumwa mwisho wa orodha, na za mkono zinabaki juu zikishangaa. Ndiyo maana za mkono naziacha ziwe kazi ya mwisho kabisa, mteja akishatia sahihi.

Mtego wa pili ni wa aibu. Unapotoa PDF, kuna kisanduku kingine cha kuruhusu alamisho ziingie kwenye faili. Mipangilio ya kupeleka kazi kwa mchapishaji huja kisanduku hicho kikiwa kitupu, kwa kuwa mashine ya kuchapa haibofyi kitu. Ukitoa faili la kusomwa kwa mpangilio wa faili la kuchapwa, alamisho zako 288 zinabaki nyumbani. Kile cha viungo kiko jirani. Kitie tiki pia, ndicho kinachofanya mistari ya Yaliyomo ibofyeke.

Pesa: ni usajili wa kulipia mwezi baada ya mwezi au kwa mwaka, kwa kadi. Anayeishi kwa kazi hii anaweza kuutetea. Anayepanga jarida la kanisa mara mbili kwa mwaka hawezi. Na asiyetumia mitindo, anayenenepesha vichwa kimojakimoja kwa mkono, hatapata chochote hapa hata akilipa.

Affinity: jirani wa karibu

Njia ni karibu ileile: mitindo, kisha Yaliyomo, kisha alamisho kutoka humo. Zaidi ya hapo kuna nanga, alama unazozitia popote kwenye maandishi na kuamua ziingie kwenye orodha ya alamisho au zisiingie. Ile ramani isiyo na kichwa ina pa kukaa. Uhai, usahihi na ngazi viko vizuri, nawe ukumbuke kukagua kisanduku cha alamisho unapotoa faili.

Kilichobadilika ni pesa. Canva iliinunua kampuni ya Serif, wenye Affinity, mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 toleo jipya hupatikana bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Kwa kijana anayeanza, hiyo si habari ndogo. Linalobaki ni la kazini: mteja akikuletea faili asilia la InDesign na kutaka limrudie vilevile, Affinity haitakusaidia. Na mwenye kompyuta ya Linux hana toleo lake.

Scribus: ya bure tangu zamani, yenye tabia zake

Scribus nimeipenda tangu nilipokuwa sina hata hela ya kununua kipanya. Ni bure, chanzo chake kiko wazi, hutumika kwenye Windows, Mac na Linux, na haidai akaunti ya mtu. Toleo la 1.6.0 lilitoka Januari 2024.

Ila alamisho zake zina falsafa nyingine. Hapa alamisho ni mali ya fremu, kile kisanduku kinachobeba maandishi ukurasani, si ya aya. Unabofya fremu ya maandishi kwa kitufe cha kulia, unaingia kwenye chaguo za PDF, unaitangaza kuwa alamisho, na jina linachukuliwa kutoka maneno ya mwanzo wa fremu hiyo. Sasa fikiria Sura ya Nne inayotiririka kupitia fremu ishirini zilizounganishwa. Kichwa cha Kifungu cha 43 kimekaa katikati ya fremu mojawapo, na hakina njia ya kuwa alamisho. Utakikata ukiweke kwenye fremu yake, na kuanzia hapo fremu hiyo haisogei pamoja na maandishi. Mteja akiongeza aya tatu, kichwa kinabaki pale kilipo na maandishi yake yamehama.

Kwa Katiba, basi, nisingeithubutu kwa vifungu. Kwa sura 18 ningeithubutu bila wasiwasi: kila sura inaanza ukurasa mpya na fremu ya kichwa, na alamisho 18 unazitia kabla chai haijapoa. Zinakaa ndani ya faili la Scribus, kwa hiyo ukitoa PDF mara kumi zinarudi mara kumi. Unazipanga kwa kuburuta kwenye orodha yake, moja ndani ya nyingine ukitaka. Kuna na jambo moja la adabu ninalolipenda: wakati wa kutoa PDF unaweza kuagiza faili lifunguke orodha ya alamisho ikiwa tayari imeonyeshwa, msomaji asiitafute.

Inamfaa mwenye gazeti la shule, programu ya harusi yenye kurasa nyingi, katalogi au jarida: kazi iliyojengwa kwa vipande, kila kipande na fremu yake. Mwenye kitabu cha maandishi marefu atalalamika.

Acrobat Pro: kushona baada ya nguo kuisha

Kuanzia hapa tumetoka kwenye programu ya kupanga kurasa. PDF imeshatoka, pengine hata si wewe uliyeitoa. Kisomaji cha bure cha Adobe hakitii alamisho. Hii ni kazi ya toleo la kulipia.

Unateua maneno ya kichwa kwa kipanya, unabonyeza Ctrl na B, na alamisho inazaliwa ikiwa na maneno hayohayo. Ngazi unaziburuta. Ni rahisi kiasi kwamba unaweza kumfundisha karani wa ofisi kwa dakika tano. Tatizo ni idadi. Tuseme kila moja inakuchukua sekunde 20: alamisho 288 za Katiba ni dakika 96 za kubonyeza bila kupumua, na mkono wa kulia utakukumbusha jioni.

Kwenye usahihi kuna jambo wengi hawalijui. Alamisho ya Acrobat hukumbuka ulivyokuwa ukiutazama ukurasa ulipoitengeneza, pamoja na ukubwa. Ukiwa umekuza hadi asilimia 200 kwa sababu macho yamechoka, kila atakayeibofya atarushwa kwenye asilimia 200. Nimeipokea ripoti ya namna hiyo, kila kichwa na ukubwa wake, ukibofya ni kama mtu anachezea darubini. Weka ukubwa sawa kabla hujaanza, au teua alamisho zote baadaye na kuziagiza zifuate ukubwa alionao msomaji.

Ukipata PDF iliyotolewa ikiwa na vitambulisho vya muundo ndani yake, vile vinavyosaidia programu za kuwasomea wasioona, Acrobat inaweza kuzalisha alamisho zote kutoka humo kwa mkupuo. Dakika 96 zinakuwa moja. Kabla hujaanza kubonyeza, jaribu hilo kwanza.

Na uhai? Ukitoa PDF upya, alamisho za hapa zimekufa, kwa sababu hazikuwahi kuwa kwenye faili asilia. Kuna tundu moja la kutokea: Acrobat ina uwezo wa kubadilisha kurasa, unachukua kurasa kutoka faili jipya na kuzipachika mahali pa zile za zamani, na alamisho na viungo vya faili la zamani havibanduki. Mteja aliyerekebisha tarakimu mbili kwenye jedwali utamhudumia hivyo. Aliyeongeza kurasa tano katikati, hapana; kila kitu baada yake kimehama.

Orodha ya maandishi na pdftk: njia ya wenye subira

Hii ndiyo watu huiogopa bure. Unaandika alamisho zako kwenye faili la maandishi matupu, kisha pdftk, programu ndogo ya kuandikiwa amri, inazishona ndani ya PDF. Kila alamisho ni mistari minne:

BookmarkBegin
BookmarkTitle: Bajeti
BookmarkLevel: 1
BookmarkPageNumber: 179

Kisha amri moja:

pdftk ripoti.pdf update_info_utf8 alamisho.txt output ripoti_mpya.pdf

Umeona 179? Hapo ndipo visima vya mwenyekiti vilipotokea. Ripoti ile ilikuwa na kurasa 12 za mwanzo zenye namba za Kirumi: shukrani, vifupisho, dibaji. Namba 1 iliyochapwa ni karatasi ya 13, kwa hiyo bajeti, ukurasa wa 167 kwa wino, ni karatasi ya 179 ndani ya PDF. Kisomaji cha simu yake kilihesabu karatasi. pdftk nayo huhesabu karatasi. Ukisahau kujumlisha, alamisho zako zote zitakosea kwa umbali uleule, jambo ambalo lina nafuu yake: kosa moja, marekebisho mamoja.

Zingatia pia kile kipande cha utf8 kwenye amri. Kiswahili chetu hakina vikwazo vya herufi, lakini majina ya watu na mahali yanavyo. Ukiandika Gĩkũyũ au Kĩrĩnyaga kwa herufi zake kamili na ukatumia amri isiyo na kipande hicho, wenye majina yao watakupigia simu.

Jasho linategemea ulivyo. Orodha ya Yaliyomo unaweza kuinakili kutoka kwenye PDF yenyewe, ukaisafisha kwenye lahajedwali na kuipa umbo hilo. Alamisho 288 ni kazi ya nusu saa kwa mwenye mazoea. Usahihi ndio mdogo kuliko njia zote hapa: unafika ukurasani, si kwenye mstari. Ngazi hazina shida, ni kubadilisha namba tu. Pesa, sifuri.

Uhai wake ni wa kati. PDF mpya haina alamisho, lakini orodha yako bado ipo, unaitia tena kwa amri moja. Kurasa zikihama unarekebisha namba kuanzia pale zilipohamia. Anayeogopa dirisha jeusi la amri atafute JPdfBookmarks, ya bure pia. Inahitaji Java, ina madirisha ya kubofya, na orodha yake ni nyepesi zaidi: jina, mkwaju, namba ya ukurasa, na ngazi kwa kusogeza mstari ndani kwa tabo.

Kwa wenye Word

Mtaniuliza, najua. Ukihifadhi kama PDF kutoka Word, kwenye chaguo kuna kisanduku cha kutengeneza alamisho kutokana na vichwa. LibreOffice nayo ina chake. Usitumie ile ya kuchapa kwenda PDF kana kwamba ni printa. Hiyo hutoa sura ya kurasa tu, alamisho na viungo vinakatika.

Kulingana na ulipo

Kazi ndefu ya maandishi, itakayorudi mara sita ikiwa na masahihisho, na InDesign au Affinity unayo: zitie humo kwa mitindo, usifikirie mara mbili. Kati ya hizo mbili, mwulize mteja anataka faili asilia la aina gani. Bei ije baadaye.

Unatumia Scribus na kazi ni ya vipande: alamisho za fremu zinatosha. Kama ni kitabu kirefu na unang'ang'ania Scribus, kama nilivyowahi kung'ang'ania, toa PDF bila alamisho na uzishone kwa orodha ya pdftk.

Umepewa PDF peke yake, ya vichwa kumi au ishirini, na ofisi imeshalipia Acrobat: tia kwa mkono, umalize kabla ya chakula cha mchana. Vikizidi hamsini, angalia kama kuna vitambulisho vya muundo. Visipokuwepo, nenda kwenye orodha.

Una mipango ya kaunti au kumbukumbu za mikutano za miaka mingi, zenye muundo mmoja: orodha ya maandishi tena, kwa kuwa ya mwaka huu unaigeuza kuwa ya mwaka ujao kwa kubadilisha namba.

Na wasomaji wako wakiwa wa simu, kama yule mwenyekiti, fanya na Yaliyomo ibofyeke, njia yoyote uliyochagua. Baadhi ya visomaji vya simu, hasa vinavyofungua faili moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe, havionyeshi alamisho kabisa. Kabla ya kutuma, lifungue faili kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta, ambazo zote mbili zinazionyesha pembeni, na ubofye alamisho ya mwisho kabisa kwenye orodha. Kurasa zikiwa zimehama popote, hiyo ndiyo itakayokosea.